Taa Ikizimika Yenyewe, Usishangilie Bado

Asubuhi hii tuzungumze juu ya ile taa nyekundu ya dashibodi, iliyochorwa kama kipimajoto kimesimama ndani ya maji. Wengi wenu hapa Kambi Muru mnaendesha matatu, teksi na pikapu za mizigo, na Jumatano kwenye maombi lile ombi la "Pasta, gari inachemka" halikosi. Naomba nanyi kwa moyo wote. Lakini sijawahi kuona mpira wa rejeta uliopasuka ukizibwa kwa kunena kwa lugha.

Elewa kwanza kinachotokea huko mbele. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na injini nzima yenye afya hufanya kazi karibu na hapo hapo. Umeona nafasi ilivyo ndogo? Kinachotushikilia ni kifuniko cha rejeta. Kinabana, shinikizo linapanda, na maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ndiyo maana ukikifungua injini ikiwa moto, maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Subiri nusu saa, hata zaidi. Watu wameungua kwa haraka ya dakika 5. Na kabla hujauziwa rejeta nzima, mwambie fundi aangalie mpira wa kifuniko hicho. Ukishakufa, gari linaweza kuchemka bila ugonjwa mwingine wowote.

Taa ikiwaka, zima AC, washa hita hadi mwisho (ndiyo, hata kama jua linawaka, inavuta joto kutoka kwa injini), tafuta pembeni, zima gari. Likishapoa, usimwage maji baridi yote kwa pupa, maana chuma chenye moto hupasuka. Kisha jiulize: huwa linachemka wapi? Kama ni kwenye foleni tu na likikimbia linapoa, shuku feni. Kama ni mlimani au mwendo wa kasi, shuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Ukichomoa kijiti cha oili ukaona rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi hiyo ni gasketi ya hedi.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Kuna ndugu wetu mmoja, dereva wa matatu ya abiria 14, gari si lake. Jioni mwenye gari anataka pesa yake, ije mvua lije jua. Siku hiyo alikuwa Ngong Road, gari limejaa, foleni haisongi. Taa ikawaka. Kabla hajapata pa kuegesha, ikazimika yenyewe na mshale wa joto ukaanza kushuka. Abiria wakasema, "Twende dere, imepoa!" Yeye akasimama. Kondakta akarudisha nauli huku akitukanwa.

Alikuwa amefundishwa jambo ambalo wengi hawalijui. Kile kisoma-joto husoma maji. Maji yakiisha yote, kinabaki kwenye hewa tupu, kisha kinaweza kuonyesha kwamba kumepoa wakati chuma kinaungua. Walipofungua boneti, mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, ndani hakuna hata tone. Fundi aliniambia mwenyewe kwamba mwendo mfupi tu zaidi na hedi ingepinda.

Ungetarajia mwenye gari amshukuru. Alikasirika kwa sababu ya hesabu ya siku, akampa mtu mwingine gari kwa wiki nzima. Nyumbani kwa ndugu yetu wiki hiyo ilikuwa ngumu, na mtoto alirudishwa kutoka shule kwa sababu ya karo. Sikupakia hadithi hii sukari, mpendwa. Kusimama kunagharimu.

Soma Matendo 27 leo, sura yote. Paulo mfungwa anaonya kwamba safari itaharibika, lakini akida anamsikiza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Mwenye chombo na dereva, wote wawili wana hesabu! Kisha upepo wa kusini unavuma polepole, na wanadhani mambo yamekuwa sawa. Nikifika hapo namkumbuka yule abiria wa Ngong Road na "imepoa" yake. Watu 276 walifika nchi kavu wote kwa neema ya Mungu. Merikebu haikufika, wala mzigo wa ngano.

Wewe je, ni nini kwako kimenyamaza hivi karibuni? Kikohozi kilichopita wiki 2, ukakitulizia dawa ya dukani? Nenda Mbagathi ukapimwe. Nitakuombea ukiwa kwenye foleni. Mume aliyekuwa akilalamika, sasa halalamiki tena, na wewe unasema nyumba ina amani? Kaa naye umuulize.

Na ninyi mnaotafuta gari la mtumba: ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa za tahadhari kama ya oili na ya "check engine" huwaka kwa muda. Moja ikikosa kuwaka kabisa, usifurahi. Huenda mtu ameing'oa balbu ili akuuzie.

Jumamosi, baada ya maombi ya asubuhi, mafundi wawili wa kanisa letu watakagua mipira, mikanda ya feni na vifuniko bure. Ndugu yetu dereva atakuwepo kusaidia. Njooni mapema, mzime magari, myaache yapoe tukiwa ibadani.