Kwa Mpwa Wangu Anayesubiri Usaili wa Uhakimu

Mpwa wangu mpendwa,

  Mama yako ameniambia kwamba Tume ya Utumishi wa Mahakama imekuita kwenye usaili wa Hakimu Mkazi Daraja la II, na tangu siku hiyo umejifungia huko Bunju unakariri Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, amri kwa amri, kanuni kwa kanuni. Kuitwa kwako kumenifurahisha sana. Huko kukariri ndiko kulikonitia wasiwasi, nikaona nikuandikie.

Mimi si mwanasheria, unajua. Nilikuwa karani wa masjala. Lakini karani hupokea jalada likiwa na kurasa mbili na hulifunga likiwa limenenepa, na katikati anawaona wenye jalada wakija dirishani. Nilichojifunza pale dirishani ni kwamba kila kanuni ya mwenendo ina mtu inayemlinda. Isome ukimtafuta mtu huyo. Ukimpata, kanuni haitakutoka kichwani hata msimamizi akikukazia macho.

Chukua Amri ya V, ya wito. Wanafunzi huipita haraka wakikimbilia mambo wanayoyaona makubwa, zuio la muda na mapingamizi. Sasa ipeleke Chamazi au Toangoma. Mtu anajulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, mpangaji kahama mwezi uliopita, namba ya simu iliyoandikwa kwenye hati ya madai haipatikani. Msambaza nyaraka anauliza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anazunguka, jua linamchoma, mwisho anaandika kwamba mdaiwa amekataa kupokea. Hakimu asipouliza zaidi, siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi zinahesabiwa juu ya kichwa cha mtu asiyejua kuwa ameshtakiwa. Inafuata hukumu ya upande mmoja. Mwenyewe anakuja kujua siku dalali wa mahakama anapogonga mlango.

Nimewaona watu hao wakifika dirishani na karatasi mkononi, wakiuliza kesi hii ilisikilizwa lini. Kwa hiyo ukiwa kitini utauliza: nani alipokea wito, wapi, nani alishuhudia? Na hapo Amri ya IX itajieleza yenyewe. Utaelewa kwa nini sheria inamruhusu mtu aliyehukumiwa bila kusikilizwa arudi aombe hukumu itenguliwe, na kwa nini inamdai sababu ya kutosha, maana wapo pia wanaoukimbia wito kwa makusudi huku mdai akizeeka anangoja haki yake. Kwa ajili ya mdai huyo sheria imeruhusu wito ubandikwe mlangoni au utangazwe gazetini. Ukiwaona wote wawili, mdaiwa asiyejua na mdaiwa anayejificha, umeielewa amri nzima.

Fanya hivyo hivyo kwenye kukazia hukumu. Amri ya XXI ni ndefu na inachosha, najua. Anza na kile kifungu cha Sheria yenyewe, nje ya Amri hiyo, kinachotaja mali zisizokamatwa. Kimetaja nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi. Hata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake imo, nayo ina masharti yake ya kusomwa kwa makini. Waliotunga sheria hii mwaka 1966, wakifuata kwa sehemu kubwa ile ya India ya 1908, walikumbuka sufuria. Walijua mshindi wa kesi mwenye hasira angetaka kubeba kila kitu. Cherehani ikibebwa leo, kesho deni litalipwa na nini?

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea namba ulizokariri. Urekebu wa Sheria, Toleo la Mwaka 2023, ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Soma Sura ya 33 kutoka toleo hilo, wala usiamini madaftari ya kaka zako waliokutangulia mpaka umelinganisha namba za vifungu. Vitabu vya Kihindi, Mulla na wenzake, vina faida, lakini tangulia na Mahakama ya Rufani yetu. Hukumu zake zipo kwenye tovuti ya TanzLII, bure.

Kwenye hilo la Rufani, soma mashauri mawili ya 2018 kwa pamoja. Mwaka huo sheria ilirekebishwa, likaingizwa lengo kuu: mahakama itoe haki kwa usawa, haraka na kwa gharama nafuu. Katika Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph, lengo hilo lilisaidia kasoro isiyomuumiza mtu isiangushe shauri. Katika Mondorosi Village Council dhidi ya Tanzania Breweries, Mahakama ilikataa litumike kuruka kanuni za lazima. Uhakimu wako wote utakuwa kati ya hukumu hizo mbili. Ukiulizwa, usikimbilie upande mmoja ili upendeze. Eleza namna ya kupima kasoro, nani imemuumiza na kwa kiasi gani.

Kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969, ya mapingamizi ya awali, unaijua, sirudii.

Ila hili nalirudia: ukipata kazi, huenda ukapangwa Mahakama ya Mwanzo, na Sura ya 33 haitumiki huko. Mahakama hizo zina kanuni zake za madai za mwaka 1964, fupi na nyepesi kusoma, na wengi hawazifungui kabisa. Zisome kwa heshima. Huko wadaawa wengi husimama wenyewe bila wakili, na mwongozo wa hakimu ndio pekee walio nao.

Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, nawe ulisomea yote kwa Kiingereza. Basi kila jioni mweleze mama yako kanuni moja kwa Kiswahili chako. Akikuuliza "kwa nini?" ukakosa jibu, rudi kitabuni.

Asubuhi za wiki hii zitumie Mahakama ya Wilaya Kinondoni. Kaa nyuma, kesi za madai zinaposikilizwa mahakama iko wazi, mtazame hakimu anavyomsikiliza asiyejua kuzungumza. Vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA viweke pamoja leo, na siku ya usaili toka Bunju kabla ya alfajiri, barabara ya Bagamoyo unaijua. Shangazi yako anakuombea. Kanuni za 1964 ninazo hapa nyumbani. Nitampa mama yako akija Jumamosi.

Mjomba wako,
Mbagala, Temeke