Usiende Mara ya Tatu

Luvungi, Bonde la Ruzizi

Binti wa kaka yangu,

Yale uliyonieleza kwenye simu sijamwambia mama yako, wala sitamwambia. Umeyaleta kwangu kwa kuwa mimi ni shangazi yako, tena niliyefanya kazi miaka mingi katika wodi ya wazazi, basi nakujibu kwa vyote viwili.

Sikulaumu. Najua karo ya chuo inavyokusumbua, na najua kodi ya nyumba Nairobi haimsubiri mtu. Nimewahudumia wanawake waliokaa kwenye ndoa bila mtoto hadi mawifi wakawatolea vyombo nje. Anayempa mmoja wao yai lake amefanya jambo kubwa. Lakini wewe umetoa mayai mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na sasa yule wakala anakuambia ipo kliniki nyingine, mtaa mwingine, italipa zaidi. Hapo nakukatalia. Usiende.

Mwili wako kwa kawaida hukomaza yai moja kila mwezi. Zile sindano ulizojidunga tumboni kwa siku kumi na kitu huyalazimisha mayai kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi, yakomae pamoja. Halafu huja sindano ya mwisho ya kuyaivisha, kisha dawa ya usingizi, na sindano ndefu inayopitishwa ukeni hadi kwenye ovari. Wengi hutoka salama. Kwa wengine ovari huvimba, mishipa midogo ya damu huvujisha maji, tumbo hujaa, na damu huwa nzito hata ikaganda mguuni au kwenye mapafu. Hali hiyo ikiwa kali huwapata kama mwanamke mmoja au wawili kati ya mia, na walio hatarini zaidi ni wasichana wembamba wenye mayai mengi, yaani wale wale ambao mawakala huwatafuta.

Uliniambia kwamba baada ya mara ya pili tumbo lilijaa hadi sketi ikakataa kufunga, ukatapika siku mbili, na ulipompigia wakala akakuambia unywe maji ulale. Mwanangu, ile haikuwa gesi. Zile zilikuwa dalili zenyewe, na aliyewahi kuzipata ana hatari kubwa zaidi ya kuzipata tena. Hiyo peke yake yatosha kukataa. Na mtu aliyekujibu vile kwenye simu hakuwa daktari, wala hakukuuliza kama unapata mkojo.

Nchi zilizolifikiria jambo hili zimeweka mpaka. India, kwa sheria ya mwaka 2021, mwanamke hutoa mayai mara moja tu maishani, yasizidi saba, naye awe kati ya miaka 23 na 35. Walikuwa na sababu: mwaka 2010 msichana wa miaka 17 alifariki Mumbai baada ya kutolewa mayai kwa mara ya tatu. Marekani, ambako biashara hii ni kubwa, chama cha madaktari wa uzazi kinashauri mtoaji asipite mizunguko sita maishani, na hata hiyo sita mimi naiona nyingi. Uingereza wamehesabu kwa njia nyingine: mayai ya mtoaji mmoja yasiende kwa zaidi ya familia kumi.

Kenya, watoto wa kwanza waliotungwa maabara walizaliwa mwaka 2006. Mheshimiwa Millie Odhiambo alipeleka Bungeni muswada wa kusimamia kazi hii mwaka 2014, akaja na mwingine mwaka 2022. Uganda, mbunge Sarah Opendi alileta wake mwaka 2023. Fikiria kliniki zimefanya kazi miaka mingapi wakati wabunge wakibishana, na ni wasichana wangapi wamepita humo bila mtu kuwahesabu. Anayetoa damu hupewa kadi yenye tarehe, na mwanamke huambiwa akae miezi minne kabla ya kurudi. Wewe umelazwa usingizi mara mbili, na huna hata karatasi moja mkononi. Hiyo kliniki mpya haijui ulichofanyiwa kule kwa kwanza, na wakala anayejua yote hulipwa kwa kila safari anayokupeleka. Kwa hiyo mpaka utauweka mwenyewe, na nakuomba uuweke hapa ulipofika.

Kuna na jambo la damu. Huku kwetu kabla posa haijapokelewa wazee huuliza: ukoo gani, mama yake katoka wapi? Mayai yako yamegawanywa katika mji mmoja, kwa watu usiowajua. Watoto waliotokana nayo wakikua, na wako wakikua, nani atauliza swali hilo? Ukizidisha, unazidisha na hilo.

Tena ile fomu uliyosaini ilikuwa ya Kiingereza, wewe umesoma kwa Kifaransa, na wakala aliifungua moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho. Ridhaa ya namna hiyo mimi siitambui. Rudi kwenye kliniki ile, hata kama wakala atanuna. Omba nakala ya fomu na faili lako: majina ya dawa, mayai mangapi yalitolewa, na ile sindano ya mwisho ilikuwa ipi. Uliza kama walikupa hCG, ambayo huchochea huo uvimbe, au triptorelini, ambayo hupunguza sana hatari, nayo humfaa mtoaji kwa kuwa yeye hatabeba mimba mwezi huo. Daktari anayemjali mtoaji hakasiriki kuulizwa.

Kisha nenda hospitali nyingine, wakupime kwa ultrasaundi, uwaambie kila kitu bila kuficha. Na ukipata pumzi fupi, mkojo ukipungua, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usingoje asubuhi na usimpigie wakala. Nenda hospitali usiku huo huo.

Kuhusu karo, niandikie kiasi kilichobaki na tarehe ya mwisho. Mpunga wa shamba la chini tunauvuna hivi karibuni, na sehemu yangu sijaahidi mtu. Haitatosha yote, lakini chuo ukiwapelekea nusu na barua, mara nyingi huongeza muda. Barua hiyo nitakusaidia kuiandika.

Shangazi yako