Hodi Katika Mji wa Kobe



Sisi ambao riziki ilitupeleka Kobe, mji wa bandari wa Japani uliokaa baina ya mlima na bahari, tulidhani kuwa jambo zito litakuwa baridi. Halikuwa baridi; lilikuwa ububu. Tulitoka kwa watu ambao salamu zao huanza mlangoni na kuishia jikoni, tukajikuta tunapishana na majirani kwenye ngazi bila ya neno.

Jioni moja ya wiki ya kwanza, jirani yetu, bibi mtu mzima, alibisha mlango akiwa na sahani ya maandazi meupe ya mvuke. Watoto wakafurahi. Sisi hatukujua ndani mna nini, wala hatukuwa na neno la kuulizia. Tukapunga mikono, tukatikisa vichwa, tukafunga mlango. Ijumaa tulikwenda katika Msikiti wa Kobe, uliofunguliwa mwaka 1935 na ukasalimika na mabomu ya 1945 na tetemeko la Januari 17, 1995. Huko tukaelezwa kuwa yale yalikuwa butaman, maandazi ya nyama ya nguruwe ambayo mji huu unasifika kwayo. Alhamdulillahi, haramu tuliepukana nayo. Lakini haki ya jirani tulikuwa tumeivunja.

Ndipo tukaazimia kujifunza, wakubwa kwa wadogo.

Tulianza na salamu. Asubuhi husemwa ohayoo gozaimasu. Kwa mtoto au rafiki, ohayoo peke yake yatosha. Kwa mkubwa halikatwi, na aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa sababu. Mchana ni konnichiwa, jioni konbanwa. Shukrani ni arigatoo gozaimasu. Sumimasen ni samahani, na ndiyo pia ya kumwitia mwenye duka. Mikono haishikwi, kichwa huinamishwa kidogo, jambo lililotuondolea uzito baina ya wanaume na wanawake.

La kutufurahisha zaidi ni kuwa Wajapani wana hodi yao. Mtu akifika mlangoni huita gomen kudasai, na akikaribishwa husema ojama shimasu, yaani nakusumbueni, kisha huvua viatu kama kwetu. Wa nyumbani akirejea huita tadaima, nimerudi. Naye hujibiwa okaeri.

Kisha maandishi. Yako ya namna tatu, na mawili ya kwanza si ya kutisha. Hiragana ina herufi 46, na takriban kila moja ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Irabu zao ni tano zile zile zetu, ila mpangilio wao ni a, i, u, e, o. Katakana ina sauti hizo hizo, nayo huandikiwa majina ya wageni na maneno ya kuazima, kama pan, mkate, walilolipata kwa Wareno kama sisi tulivyopata meza. L hawana, Halima huitwa Harima, na kumbe hilo ni jina la jimbo la kale lililo magharibi ya Kobe.

Namna ya tatu ni kanji, alama zenye maana. Watoto wa shule ya msingi hufundishwa 1,026 katika miaka sita. Sisi tulianza na mbili, na mwalimu wetu alikuwa bibi yule yule.

Baada ya miezi mitatu tulikwenda mlangoni kwake. Tukaita gomen kudasai. Tukasema tuliyoyakariri njia nzima: Sumimasen. Butaniku wa taberaremasen. Samahani, nyama ya nguruwe hatuwezi kuila. Bibi akainama, akawa yeye ndiye anayeomba radhi. Akachukua kalamu akatuandikia 豚, nguruwe. Tulipomtajia ulevi, akaandika 酒: matone matatu ya maji kando ya mtungi. Kesho yake alituletea mfuko wa machenza.

Karatasi ile tunakwenda nayo sokoni hadi leo. Tumeongeza maneno ya katakana yanayojificha katika biskuti na peremende: raado, mafuta ya nguruwe, zerachin, ambayo asili yake huulizwa, na arukooru. Kwa mwalimu wa mtoto tuliandika maneno yale yale, tukaomba mtoto aje na chakula chake, tukakubaliwa. Darasani, kabla ya kula, wote husema itadakimasu, napokea kwa unyenyekevu. Wetu hutanguliza Bismillahi.

Ndugu zetu mlioko nchi nyingine, lugha zenu ni nyingine lakini mlango ni ule ule. Msiyoyala na msiyoyanywa, jifunzeni kuyasoma. Kisha jifunzeni kuyakataa kwa adabu, kwa lugha ya mwenye kukupeni. Siku hizi watoto wetu wakirudi skuli huita tadaima ngazini, na mara nyingi okaeri hutoka mlangoni kwa bibi kabla ya kwetu.