Kebo Iliyokatika Mtito Andei

Msafiri wa Pwani aendaye Nairobi huujua mji wa Mtito Andei kwa jambo moja tu: ni mahali pa kuteremka. Basi husimama, watu hunyoosha miguu, mwenye kiu ya chai hunywa, mwenye kutaka kuswali hutafuta maji ya udhu, kisha dereva hupiga honi na safari ikaendelea. Mji uko karibu na nusu ya njia baina ya Mombasa na Nairobi, na kwa miaka mingi mimi nami niliupita hivyo hivyo, nikiuacha nyuma kabla vumbi halijatua. Nilikuja kuujua siku niliyokwama.

Jina lake ni la Kikamba, na maana yake ni msitu wa tumbusi. Sasa umo katika kaunti ya Makueni: nchi ya mibuyu, miiba na udongo mwekundu, yenye jua lisilo na huruma. Lango mojawapo la hifadhi ya Tsavo Magharibi liko hapo hapo kando ya mji, na ukishuka kuelekea Pwani barabara kuu hupita baina ya Tsavo mbili, ya Magharibi na ya Mashariki, zilizotengwa kuwa hifadhi mwaka 1948. Ndani ya Tsavo Magharibi ndimo zilimo chemchemi za Mzima, ambazo maji yake husafiri kwa mabomba mpaka Mombasa. Ni wangapi kati yetu, tunapojaza mitungi yetu, huikumbuka nchi kavu yanakotoka maji hayo?

Wala udugu wetu na watu wa huko si wa jana. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Wakamba ilishuka Pwani na pembe za ndovu, ikarudi na nguo na shanga. Kisha ikaja reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Na mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya, ambayo nayo ina stesheni Mtito Andei. Kwa treni hiyo ya asubuhi ndiyo nilikwenda, nikiwa na mkoba mmoja wa nguo na chupa moja pana ya kuhifadhia baridi.

Ndani ya chupa hiyo mlikuwa na insulini ya shangazi yangu. Shangazi aliolewa na dereva wa malori aliyependa utulivu wa bara, wakajenga kijijini, mbali na lami. Mume alikwisha kutangulia mbele ya haki, naye hakutaka kurudi. Juma lile binti yake alinipigia simu kusema kwamba dawa imebaki ya siku moja, na kwamba katika zahanati ya karibu haipatikani. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa, kwa kuwa ikiganda huharibika. Niliizungushia taulo ili isigusane na barafu, nikamwachia Mwenyezi Mungu yaliyobaki.

Stesheni nilimpata kijana wa bodaboda, mpole wa maneno. Alinitazama, akautazama mshono wa buibui langu, akasema, "Mama, likusanye hilo vizuri, gurudumu halina heshima." Nikalikunja mapajani, ncha za mtandio nikazifunga kifuani, tukaondoka.

Tulikuwa tumeiacha lami kwa muda wa kutosha kuchoka mgongo nilipoisikia injini ikinywea. Kijana alizungusha mshiko wa kulia, ule wa kuongezea mafuta, ukazunguka bure kama kifuniko cha chupa kilichokufa meno. Pikipiki ikatambaa, ikasimama. "Kebo ya eksileta," alisema, akiivua helmeti. "Imekatika."

Nilimwuliza, kwa woga, ingekuwaje kama tungalikuwa mbele ya lori. Akanieleza jambo lililonituliza. Kebo hiyo ni waya uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma, uliomo ndani ya ala. Ncha moja imeshikwa na mshiko wa mkono, na ncha ya pili inashika kizibo kidogo kilichomo ndani ya kabureta. Mkono ukivuta, kizibo hupanda na injini hupata hewa na mafuta zaidi. Mkono ukilegea, springi hukisukuma chini. Kwa hiyo waya ukikatika kabisa, springi hufunga njia na injini hupoa yenyewe. Inayotisha zaidi ni kebo iliyochakaa lakini bado haijakatika, kwa sababu nyuzi zilizofumuka huweza kukwama ndani ya ala na kuiacha injini ikivuma hali mkono umekwisha kuachia.

Mbele yetu palikuwa na mlima na safari ndefu zaidi kuliko tuliyokwisha kuimaliza. Nyuma yetu palikuwa na mteremko na mji. Kijana alichukua bisibisi, akaizungusha skrubu iliyo ubavuni mwa kabureta, ile inayopanga mngurumo wa injini inapopumzika, mpaka injini ikapata nguvu ya kwenda polepole bila kuvutwa. "Kwa hivi tunaweza kurudi mjini," alisema, "lakini mlima haupandi." Nilitaka sana kwenda mbele. Shangazi yangu alikuwa mbele, na barafu ilikuwa ikiyeyuka. Lakini gari lingine halikuwako, na jua lilikuwa limesimama utosini. Tukageuka. Nakiri kwamba katika mwendo ule wa kobe, huku nikiupa mgongo upande wa shangazi, nilijifunza subira kuliko katika darsa nyingi.

Mjini, chini ya mwarobaini, palikuwa na fundi mzee mwenye mikono myeusi kwa oili. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maembe kando yake alinivutia kigoda kivulini, akaipokea chupa yangu na kuiweka ndani ya ndoo ya maji, mahali ambapo jua halikufika. Hakuniuliza dini yangu wala kabila langu. Nilimshukuru kwa neno la Kikamba nililolijua, "muvea," akacheka sana.

Fundi alisema kuna njia mbili. Angeweza kuuchomelea waya wa zamani kichwa kipya cha risasi, kwa bei ndogo, au afunge kebo mpya, ambayo haikufika shilingi 500. Kijana akachagua ya kwanza. Nikamwambia mwanangu, funga mpya, nitalipa mimi. Akakataa kwa adabu. Pikipiki si yake, alisema. Kila jioni humpelekea mwenyewe hesabu, na hataki deni juu ya deni. Mwishowe tulikubaliana kwamba nimlipe mapema nauli ya kwenda na ya kurudi, na kebo inunuliwe kwa fedha yake mwenyewe. Hapo uso wake ulikunjuka.

Fundi alilegeza skrubu mbili za mshiko, akachopoa ncha ya juu. Akafungua kifuniko cha kabureta, akaibana springi kwa vidole, akaitoa ncha ya chini kwenye kizibo. Kabla ya kuivuta kebo ya zamani aliifunga kamba, ili kamba ibaki ikionyesha njia ile ile ambayo kebo mpya ingepita chini ya tangi. Aliitia oili, akakirudisha kizibo mahali pake kwa kuufuata mfereji wake, akaacha ulegevu mdogo kwenye mshiko. Kisha akaiwasha pikipiki na kuugeuza usukani kulia mpaka mwisho, halafu kushoto mpaka mwisho, huku akisikiliza. Nilimwuliza anasikiliza nini. "Mngurumo ukipanda ninapopinda," alijibu, "kebo imevutwa. Kwenye kona itakuua." Haukupanda. Mwisho akairudisha ile skrubu ya ubavuni mahali pake.

Nilikiokota kipande cha waya wa zamani. Nyuzi chache zilikuwa na mng'ao mpya, zile zilizokatika siku ile. Nyingine zote zilikuwa na kutu kwenye ncha: zilikatika zamani, moja baada ya moja. Kijana aliinamisha kichwa. Mshiko ulikuwa mzito tangu juma lililopita, alisema, lakini kila siku hesabu ilitangulia.

Tulifika kwa shangazi baada ya alasiri, dawa ikiwa bado na ubaridi. Tuliitia ndani ya mfuko, mfuko ndani ya chungu, na chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi chenye mchanga mbichi, tukakiweka chumba chenye giza. Si jokofu, lakini kilipunguza joto. Ndipo nilipomwuliza kwa nini hakusema mapema. Akanitazama kwa soni, mwanamke aliyenilea miaka mitatu ya utoto wangu. "Nilidhani mtakuwa na shughuli," alisema. "Nikawa napunguza kipimo kidogo kidogo."

Sikulala vizuri usiku ule. Niliuona ule waya: nyuzi zilizokatika kimya, na mkono juu ukiendelea kuvuta kama kwamba hakuna jambo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukutani huonekana na kila apitaye. Uzi uliomo ndani ya ala hauonekani mpaka mtu auulize mkono ulioushika, je, umekuwa mzito?

Basi dada zangu, mkipanda bodaboda, kusanyeni mabuibui yenu, na mwulizeni kijana hali ya kebo yake; hatachukia. Na mkimaliza kusoma haya, mpigieni simu yule mzee wenu aliye mbali ambaye kila mara husema hajambo. Msimwulize kama hajambo. Mwulizeni dawa imebaki ya siku ngapi.