Kabla hujampa mtoto brashi, soma kopo la rangi

Binti yangu ana miaka 10 na anapenda kupaka rangi vifuu vya nazi. Huku kwetu Kijichi, Temeke, kifuu hakinunuliwi. Kila jioni kuna nyumba inakuna nazi. Anakikwangua, anakipiga msasa, kisha anachora samaki na maua. Shangazi zake wanavichukua kuwekea funguo na vifungo. Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaani akaagiza vifuu 20 vya kuwapa wageni kwenye sendofu ya binti yake. Mchezo ukageuka kazi, na swali la rangi likaja mezani.

Jirani yetu ni fundi wa kupaka nyumba. Aliposikia habari ya oda, akaja na makopo matatu ya rangi ya mafuta iliyobaki kazini. "Dada, ya nini kupoteza hela? Hii inang'aa na haitoki."

Alisema kweli, inang'aa na haitoki. Tena ina historia kubwa hapa mjini. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kuuza picha zake Oysterbay, alitumia rangi ya mafuta ya aina ile ile inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini hadi leo wapo wachoraji wa Tingatinga wanaoitumia.

Ila wale ni watu wazima. Mimi nina mtoto mwingine wa miaka 6 mwenye pumu, na wote wawili wanalala chumba kimoja. Rangi ya mafuta huyeyushwa kwa thina, na mvuke wake ndio ile harufu inayokupanda kichwani. Hukauka polepole, hivyo harufu inaweza kukaa ndani usiku kucha. Kuosha brashi nako kunataka thina au mafuta ya taa, vitu ambavyo sitaki viwe mikononi mwa watoto. Isitoshe, baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano, nyekundu na kijani, zimewahi kukutwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Nilimshukuru jirani, nikamweleza habari ya pumu, nikamuuliza kama ana rangi ya maji nyeupe kidogo. Akarudi na nusu kopo jipya, lebo yake ipo. Hiyo ndiyo ninayopaka kwanza, mimi mwenyewe, uani, ili kifuu cheusi kiwe cheupe na rangi za juu zionekane. Msaada wake haukurudi bure, na hatukununiana.

Rangi za juu tulizonunua Kariakoo ni za akriliki. Ukitaka kuielewa, ifikirie hivi: ni unga wa rangi uliochanganywa na chembe ndogo za plastiki ndani ya maji. Maji yakikauka, chembe zinashikana na kuwa ngozi moja ambayo maji hayaiondoi tena. Ndiyo maana brashi inaoshwa kwa maji na sabuni tu, mradi iwe mbichi. Ikikauka kwenye sare ya shule, sare hiyo imepata ua la kudumu. Mvalishe mtoto fulana kuukuu.

Dukani, usianze na bei. Soma lebo. Tafuta maandishi "non-toxic", na kwa ajili ya mtoto ziache zenye neno "cadmium" au "cobalt", hata kama ni nzuri namna gani. Chupa isiyo na lebo, au iliyojazwa upya kutoka ndoo, irudishe. Kisha itikise: ikiwa imeganda au inanuka kama kitu kilichooza, imekaa sana.

Huhitaji seti ya rangi 24. Nunua nyekundu, njano, bluu, nyeusi, na chupa kubwa ya nyeupe, maana hiyo ndiyo inayoisha mapema. Kijani, zambarau na kahawia mtoto atazichanganya mwenyewe, na humo kuna somo. Zipo za wanafunzi na za wasanii. Za wasanii zina unga mwingi zaidi wa rangi na bei yake iko juu. Kwa vifuu, za wanafunzi zinatosha, ukipaka mara mbili.

Joto letu nalo lina mambo yake. Tabaka jembamba hukauka kwa dakika chache tu, basi toa rangi kidogo kidogo na uiweke juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuniko wa ndoo. Kama kazi ni ya chupa ya kioo, ioshe kwa sabuni, ifute kwa spiriti, na usiishike tena sehemu ya kupakwa. Rangi haikai juu ya mafuta ya vidole.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 akriliki ya nini? Mpe rangi za kuchorea za shule zinazotoka kwa maji. Akriliki ni ya kitu kinachotakiwa kudumu.

Na jambo la mwisho, hasa kama kazi ya mtoto inauzwa. Kuandikwa kwamba haina sumu hakumaanishi ni ya kugusana na chakula. Sisi tunapaka nje tu, ndani tunaacha kifuu chenyewe, na binti yangu humwambia kila mteja kwamba ni cha funguo na vifungo. Mteja mmoja alitaka cha kuwekea karanga. Akaambiwa hapana, na mtoto wa miaka 10, kwa heshima zote. Akanunua viwili vya funguo.