Simba Akirudishwa, Mbuzi Atalipwa na Nani?

Msafiri wa Pwani anayefika Kisumu hukimbilia ziwa kwanza. Sisi, alhamdulillahi, safari hii tulifikia Migosi, mtaa ulio upande wa Kondele. Ziwa halionekani kutoka hapo, lakini habari zake hufika kila siku katika beseni za omena, ambao sisi tunawaita dagaa. Asubuhi jua ni kali, na alasiri mawingu hujikusanya, radi ikanguruma na mvua ikapiga mabati hata mazungumzo yakakatika. Waislamu si wengi mtaani humo, lakini ukarimu wao hauna upungufu.

Tulilojifunza mapema ni kwamba familia nyingi za Migosi zina makazi mawili. Ipo nyumba ya mjini, ya kupanga, na ipo dala, yaani nyumbani kwa wazee, huko Homa Bay, Siaya au Nyando. Mjini ndiko mshahara unakopatikana. Dala ndiko waliko mbuzi. Na mbuzi, kwa mama wa huku, ni akiba: karo ikifika, anauzwa mmoja, mgonjwa akilazwa, anauzwa wa pili.

Lugha nayo ilituchekesha. Kijana mmoja alituambia kwamba amejenga simba kwao, nasi tukashtuka. Kumbe kwa Kijaluo simba ni nyumba ya kijana aliyebaleghe, ndani ya boma la baba yake. Simba mnyama wao humwita sibuor, chui ni kwach, na fisi ni ondiek. Majina haya ya wanyama bado yanaitwa watu, ingawa simba mwenyewe leo mtu wa Kisumu humwona kizimbani tu, katika hifadhi ndogo ya Impala iliyo kando ya ziwa.

Baada ya chakula cha usiku mazungumzo yaliangukia kwa wanyama. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alisema, "Sheikh wangu, fisi amekula mbuzi watatu wa mama yangu kule Lambwe kwa usiku mmoja. Hao ndio waliokuwa karo ya mjukuu." Mpwa wake, anayetafuta kazi ya kuongoza watalii, akadakia kwamba bonde hilo lingepata neema kubwa zaidi kama angerudishwa na simba, kwa kuwa mgeni wa ng'ambo hapandi ndege kuja kumtazama swala. Mama akamjibu, "Na huyo simba wako atakula nini siku ya mvua, watalii wasipokuja?" Tukanyamaza wote.

Bonde la Lambwe ndimo ilimo Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120. Ilianza kuhifadhiwa mwaka 1966, hasa kwa ajili ya korongo, swala mkubwa ambaye nchini Kenya hakubaki kwingine ila hapo. Mwaka 1983 ikawa mbuga ya taifa, na mwaka 2012 ikaletewa vifaru weusi. Simba hayumo, lakini chui na fisi wamo. Kwa hiyo kurudisha wanyama si jambo geni kwa watu wa Lambwe. Wamekwisha kuliona. Ila kifaru hali mbuzi.

Aliyejaribu kumrudisha simba mwenyewe ni jirani yetu Rwanda, na maji yake yanafika huku, kwani mto Kagera huteremka kutoka huko na kumimina katika ziwa hili hili. Katika mbuga ya Akagera simba walitoweka katika miaka iliyofuata mauaji ya halaiki ya mwaka 1994. Wakimbizi walirejea na ng'ombe wao, ardhi ikawa haba, na wafugaji wakatumia sumu kuwaua simba. Mwaka 1997 zaidi ya nusu ya mbuga ikakatwa, watu wakapewa makazi.

Kisha ikajengwa njia ya kurudi. Uzio wa umeme wa kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013, na mwaka 2015 ndipo simba 7 wakaletwa kutoka Afrika Kusini. Nchi hiyo ina mfuko wa kufidia hasara zinazoletwa na wanyama wa mbuga, na hugawa sehemu ya mapato ya utalii kwa wanavijiji wanaopakana na mbuga zake: asilimia 5 tangu mwaka 2005, na asilimia 10 tangu mwaka 2017. Tazameni mpangilio huo: uzio ulimtangulia simba.

Hata Marekani wana ugomvi wa namna hii, juu ya mbwamwitu wa nchi za baridi, ambaye si yule wa nyika zetu. Waliwamaliza kwa bunduki na sumu, kisha mwaka 1995 na 1996 wakaleta 31 kutoka Kanada na kuwaachia katika mbuga ya Yellowstone. Wawindaji wakalalamika kwamba kulungu wakubwa wamepungua. Wenye kupenda misitu wakafurahi. Katika jimbo la Colorado jambo lilipelekwa kwenye kura mwaka 2020. Watu wa mijini wengi walikubali, wafugaji wengi wakakataa, na waliokubali wakashinda kwa kura chache. Mwishoni mwa mwaka 2023 wanyama wakaachiwa. Fidia ipo, hadi dola 15,000 kwa mnyama mmoja, lakini manung'uniko ya wafugaji hayakwisha. Anayeamua yuko mjini, na anayelala macho zizini ni mwingine.

Kwetu Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mwindaji hayumo tena katika shauri hili. Amebaki mfugaji, na mara nyingi mfugaji huyo ni mwanamke mwenye mbuzi watano. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa haki ya kufidiwa mifugo yake kwa bei ya soko, kwa sharti kwamba naye awe amechukua hatua za kuilinda. Haki imeandikwa, kinachosubiriwa ni malipo. Na fidia inayochelewa miaka haimrudishi mtoto shuleni muhula huu.

Hapa tunakumbuka kisa kilichomo katika Suratul Anbiyaa, cha kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Nabii Daud, amani iwe juu yake, aliona mwenye shamba apewe kondoo. Mwanawe Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na muda huo mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi. Shamba likarudi, na kondoo hawakupotea. Ni hukumu inayofaa Lambwe. Mwenye kunufaika na mnyama ndiye abebe hasara yake, tena tangu siku ya kwanza.

Wanyama ni umma kama sisi, na kuwapo kwao ni amana. Hatusemi simba asirudi. Tunasema asirudi kabla ya uzio, na kabla ya fedha ya fidia kuwekwa mahali inapoonekana. Wala hatuwezi kuhalalisha sumu, kwa kuwa sumu haichagui: humuua fisi, kisha tai aliyemla, na mbwa wa jirani.

Nanyi akina mama wenye mifugo karibu na mbuga, zizi liwe imara na mbuzi wafungiwe kabla ya Magharibi. Mnyama akiuawa, toeni taarifa kwa ofisi ya KWS iliyo karibu asubuhi ile ile, kabla mzoga haujaondolewa, na mtunze karatasi za madai. Mwenyezi Mungu awalipe subira yenu, na awape viongozi wetu haya ya kumlipa mjane kabla hawajamwalika mtalii. Amin.