Vyumba Vitupu vya Jedwali

Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo husikika zaidi madukani na katika mizani za karafuu, pahala ambapo mali huonekana na kushikika. Lakini ipo mali nyingine ambayo kijana hukabidhiwa siku anayoingia chuo kikuu, naye hukabidhiwa bila ya kuhesabiwa mkononi, nayo ni saa zake. Alipokuwa skuli, saa hizo zilishikwa na wengine. Kengele ililia, mwalimu akaingia. Ikalia tena, mwalimu akatoka. Na siku ya mtoto ikawa imepangwa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Chuo kikuu kengele hakuna. Kuna karatasi moja iliyochorwa mistari, ambayo kila mmoja huisoma kwa macho yake na kuijibu kwa akili yake.

Binti mmoja wa Wete alikabiliana na karatasi hiyo akiwa na miaka ishirini. Alikuwa ametoka Pemba kwa boti, akipandia Mkoani, na sanduku moja na barua ya kukubaliwa kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Baba yake aliona ni bora akae kwa dada yake, Mwanakwerekwe, kuliko kulipia chumba cha kupanga. Daladala zinazokwenda upande wa Tunguu zinapita hapo hapo, na nyumba ya shangazi ni nyumba ya baba.

Neno chuo, kwa watu wa visiwa hivi, lina umri mkubwa kuliko majengo yanayoitwa hivyo leo. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu. Kisha kikawa pahala pa kufundishwa Kurani, na mpaka leo mtoto wa Unguja au Pemba akisema anakwenda chuoni, wazee wake humtafutia juzuu yake. Kwa hivyo binti huyu aliingia chuo mara mbili katika umri wake, ya kwanza akiwa mdogo wa miaka mitano. Siku alipoingia cha pili hakujua kwamba angekuja kukielewa kwa msaada wa kile cha kwanza.

Ratiba ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kabla ya adhuhuri picha yake ilikuwa imeshaenea katika simu za wanafunzi wapya. Ilikuwa na siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na saa zake zimeandikwa kwa hesabu ya Kizungu: 0800, 1000, 1300. Aliyekulia katika saa za Kiswahili, ambazo huhesabiwa tangu kuchomoza jua, inambidi atoe sita kila mara: 0800 ni saa mbili, 1300 ni saa saba. Jioni hiyo binti alikaa barazani na daftari na rula, akachora jedwali lake mwenyewe, akahamisha kipindi kimoja baada ya kimoja mpaka saa zote zikarudi kwenye lugha anayoamkia.

Masomo manne yalikuwa ya lazima, na mihadhara yake ilikuwa na siku zake zisizobadilika. Yaliyobaki mikononi mwake yalikuwa mambo mawili: somo la tano, ambalo ni la kuchagua, na makundi ya semina, ambayo kila moja lilikutana kwa wakati wake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekaa naye kwenye daladala alimpa wasia ambao wanafunzi wapya hupewa kila pahala. "Vibananishe vipindi vyako," alimwambia, "upate siku moja nyeupe kabisa. Siku nyeupe ndiyo roho ya mwanafunzi."

Somo alilolitamani lilikuwa Ushairi wa Kiswahili. Bibi yake mzaa mama alikuwa na tenzi kifuani ambazo hakupata kuziandika, na binti alitaka ajue kwa kanuni kile alichokuwa akikijua kwa sikio tu. Lakini Ushairi ulisomeshwa Alkhamisi, saa tisa mpaka saa kumi na moja, na ndicho kipindi pekee kilichoizuia Alkhamisi isiwe nyeupe. Somo jingine la kuchagua lilikuwapo Jumatatu asubuhi, baina ya vipindi viwili alivyokuwa navyo tayari. Alilipima jambo hilo usiku mmoja, na asubuhi yake akaliandika la Jumatatu. Alipomaliza, saa 20 zilikuwa zimeingia katika siku nne, na Alkhamisi yote imebaki tupu. Alijiona amefanya biashara nzuri.

Shangazi yake ni mwanamke wa miaka sitini na ushei, anayeiendesha nyumba kwa vitumbua vya asubuhi na bajia za alasiri. Alisimama nyuma yake akilitazama lile jedwali lenye herufi za Kizungu, ambazo hakufundishwa kuzisoma, akaweka kidole kwenye chumba kimoja kitupu.

"Na huku kweupe kuna nini, mwanangu?"

"Huku hapana kitu, shangazi."

Jibu lilikuwa la adabu, na kwa kadiri alivyojua yeye lilikuwa la kweli. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la nyumba ile lilikuwa chuma cha vitumbua na beseni la kunde. Hapakuwa na dhuluma. Shangazi alimpa chakula, kitanda na nauli, naye binti alitoa alichokuwa nacho, yaani kila pahala palipokuwa peupe. Alfajiri alichoma vitumbua. Jumanne na Jumatano, akirudi tu, alikaa kwenye bajia mpaka magharibi. Alkhamisi, ile siku iliyonunuliwa kwa kuuacha Ushairi, ikawa siku ya soko, ya kusaga mchele, ya kukuna nazi na ya kufua. Akifungua kitabu baada ya isha, herufi zilimwogelea machoni.

Wiki ya sita likaja jaribio la kwanza la Historia, akapata alama 9 katika 30. Mhadhiri wake, alipomwendea, hakumkaripia. Alimuuliza tu, "Nje ya darasa, unasoma saa ngapi kwa wiki?" Binti akasema husoma usiku, akimaliza kazi. Mhadhiri akachukua kalamu, akamfanyia hesabu ambayo imo katika kila kitabu cha mwongozo wa masomo na ambayo wanafunzi wapya wengi huipita bila ya kuisoma.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Nusu ya mwaka, basi, ni krediti 60, nazo ni saa 600. Saa hizo zikigawiwa kwa wiki 15 za muhula, kila wiki inadai saa 40. Ratiba ya binti ilionyesha saa 20. Zile 20 nyingine hazikuandikwa popote, kwa sababu chuo hakimpangii mtu pahala pa kusomea wala wakati wa kukaa peke yake na kitabu. Zilikuwamo mlemle katika vyumba vitupu. Kila aliposema hapana kitu alikuwa akigawa nusu ya shahada yake bila ya kujua.

Mpenzi wa mashairi hataiona ajabu hesabu hiyo. Mshororo wa mizani 16 haupimwi kwa wingi wa maneno. Hupimwa pia kwa pumzi inayokaa baina ya ukwapi na utao, baada ya mizani ya nane. Pumzi hiyo haina herufi hata moja, lakini mwimbaji asiyeijua huuvunja ubeti wote. Na anayetunga akidhani pale pana nafasi ya bure ya kupachika neno lake, atakuta kina cha kati kimemtoka na mizani zimezidi. Binti huyu pengine angelisikia jambo hilo darasani, Alkhamisi saa tisa. Alipofikiri kurudi kwenye Ushairi, muda wa kubadilisha masomo ulikuwa umekwisha tangu wiki ya tatu. Hilo lilikuwa limepotea kwa mwaka ule, na hapakuwa na wa kulaumiwa.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kuliko hesabu. Vipi mtoto aliyelelewa vyema atamwambia shangazi yake, anayemlisha, kwamba wakati aliompa kwa mdomo wake mwenyewe haukuwa wa kutoa? Akimwambia ana kazi nyingi, ataonekana mvivu wa vitumbua. Akimwonyesha daftari, herufi zile zitasema na yeye peke yake. Siku mbili alilizunguka jambo hilo. Siku ya tatu akachukua karatasi mpya, akaanza kulia kwenda kushoto.

Aliiandika ratiba kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa kuziunganisha katika chuo chake cha kwanza, akatia na irabu ili kusiwe na shaka. Akaziacha namba za saa, akagawa siku kwa sala: baada ya alfajiri, adhuhuri mpaka alasiri, alasiri mpaka magharibi, baada ya isha. Na alipotaka kuandika siku, mkono wake wenyewe ukaanza na Jumamosi, siku ya mosi, kama majina yanavyotaka, si na siku ya tatu kama ratiba ya chuo inavyotaka. Hapo akagundua kwamba jedwali la mwanzo liliziacha nje siku mbili nzima. Akapanga: Alkhamisi saa 6, alasiri za Jumanne na Jumatano saa 4, baada ya isha, usiku nne, saa moja na nusu kila usiku, Jumamosi asubuhi saa 4. Zikatimia 20. Katika kila chumba kati ya hivyo akaandika neno moja, kudurusu.

Aliipeleka jikoni baada ya magharibi, akaiweka juu ya mbuzi ya nazi. Shangazi akakausha vidole kwenye kanga, akaanza kusoma kulia, polepole, midomo ikicheza, kama anavyosoma kila Ijumaa.

"Kudurusu," alisema. Kidole kikahama chumba. "Kudurusu. Kudurusu." Kisha akanyamaza. "Huku ndiko kulikokuwa hapana kitu?"

"Ndiko, shangazi. Mimi ndiye niliyekosea. Unisamehe."

Bibi yule hakujibu papo hapo. Aliikunja ile karatasi, akaikunjua. Halafu akasimulia jinsi yeye alivyohitimu. Mwalimu wake alikuwa akimsomea mstari mmoja asubuhi, kwa muda usiofika hata nusu saa, kisha akamwacha. Siku iliyobaki ilikuwa yake na mstari ule, kisimani, kwenye kuni, kitandani, mpaka kesho yake mwalimu amuulize. Mama yake alijua kwamba mtoto anayetikisa kichwa kwenye mkeka hayuko bure, na alikuwa akiwafukuza wenzake waliokuja kumwita kucheza.

"Sasa huko chuo kikuu," aliuliza, "wao nao wanakupa mstari, wanakuacha?"

"Ndivyo, shangazi."

"Basi ungelisema chuo."

Walikaa wakahesabu pamoja, na hesabu ile ilikuwa na gharama. Bajia za Jumanne na Jumatano zilifutwa, na fedha zake zikakosekana kila wiki, khasa fedha za umeme. Kufua kulihamia Jumapili. Vitumbua vya alfajiri vilibaki, kwa kuwa bila ya hivyo hapana nauli ya kwenda chuo. Mchele ukaanza kurowekwa mapema, ili mwenye kudurusu asiitwe katikati. Jaribio la pili binti alipata alama 19. Hazikuwa alama za kutangaziwa mtaa, lakini zilimtosha kuvuka.

Mwaka uliofuata, ratiba mpya ilipobandikwa, alianza kwa upande ambao wenzake huumalizia. Kabla ya kuandika kipindi hata kimoja, alizihesabu saa za kudurusu akazipa vyumba vyake. Baada ya hapo ndipo alipoandika Ushairi, Alkhamisi, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Siku nyeupe hakubaki nayo, wala hakuitafuta.

Ile karatasi ya kwanza bado imebandikwa ukutani jikoni Mwanakwerekwe, imepata rangi ya mafuta na vidoa vya unga wa vitumbua. Jumanne jioni wateja wa zamani hupita mlangoni, wakanusa, wasione kitu, wakauliza. Shangazi huwajibu bila ya kuondoka kwenye kibao chake:

"Leo hapana bajia. Mwanangu anadurusu."